Ukitaka Kuvijua Viwanda vya Dar, Usianzie Getini

Wengi wanaotaka kuona viwanda vya zamani vya Dar es Salaam huanza vibaya. Hushuka daladala, husimama mbele ya geti, hutoa simu kupiga picha, mlinzi huwatimua, na safari huishia hapo. Getini hakuna habari nyingi. Habari iko relini, vituoni, kwenye nyumba za wafanyakazi, na zaidi vinywani mwa waliofanya kazi humo.

Anza na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma 1914. Viwanda vilipokuja baadaye, vingi vilijipanga kati ya reli hiyo na Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere: mitambo ilishuka bandarini, bidhaa zikapanda behewa kwenda bara. Ulizia ratiba ya treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe, ukae dirishani. Barabarani kiwanda hukuonyesha ukuta uliopakwa rangi. Relini unakiona mgongo: matangi, mabomba ya moshi, mabati yaliyoshika kutu, ghala ambalo mlango wake uko juu sawasawa na sakafu ya behewa. Mlango wa namna hiyo, hata kama leo ndani wanauza vigae, ulijengwa kwa ajili ya treni.

Ukiwa kwa miguu, tafuta vipande vya reli vilivyoacha njia kuu vikaingia kwenye kuta za viwanda. Vingi vimefunikwa na lami au vibanda, unaona mistari miwili ya chuma tu ikikatiza mtaa. Pale ubavu wa chuma unapoonekana, pangusa vumbi usome: mara nyingi kuna jina la aliyekiyeyusha na mwaka. Usikimbilie kusema huo ndio mwaka wa kiwanda. Reli zilikuwa ziking'olewa mahali zikatandikwa kwingine, kwa hiyo mwaka huo unakuambia umri wa chuma peke yake. Na njia kuu usiikanyage. Treni bado zinapita.

Kabla ya kutoka nyumbani, orodhesha vituo vya daladala na vya treni. Makondakta wa Dar wanatunza kumbukumbu kuliko ofisi nyingi. Kamata, pale Gerezani, ni Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Kampuni ilikufa, kituo kikabaki. Ubungo Maziwa ni kumbukumbu ya kiwanda cha maziwa. Kawe kuna viwanja vya Tanganyika Packers, kampuni iliyokuwa ikisindika nyama ya makopo na kuiuza Ulaya. Leo vijana wanaokwenda pale kwa mpira au mahubiri wanalitamka jina hilo bila kujua kwamba kulikuwa na ng'ombe.

Kwa viwanda vinavyoendelea kufanya kazi, ambavyo watembezi huvipita wakitafuta magofu, fika alfajiri. Ukiona vibarua wamejipanga nje wakisubiri kuitwa na mama lishe ameshainjika chai, kiwanda kiko hai. Kisha chimba nani amekimiliki na lini. Nyakati mbili zinatosha kuanzia. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitangaza kuchukua hisa nyingi katika kampuni saba, zikiwemo za bia, viatu vya Bata, makopo ya Metal Box, saruji na sigara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Kiwanda cha sigara cha Barabara ya Pugu kimepita njia hiyo yote: kilikuwa cha kampuni ya kigeni, kikawa cha umma, na mwaka 1995 hisa nyingi zikauzwa kwa Wamarekani wa R.J. Reynolds, kabla Wajapani hawajachukua shughuli zao za nje mwaka 1999. Sigara ilikuwa pia jina la timu ya mpira. Waulize wazee wa Temeke.

Kuongea na wazee ndiko kunakohitaji ustadi. Ukimwendea mstaafu na daftari na kalamu, atakudhania umetumwa kuandika majina ya wanaodai mafao. Wengi waliondoka kwenye mashirika bila kiinua mgongo cha kueleweka, na wameshaandikwa majina mara nyingi. Basi amkia, jitambulishe, sema tangu mwanzo kwamba huhusiki na mafao, daftari liache mfukoni. Usimwombe akusimulie “historia ya kiwanda”. Hilo atakujibu kama risala ya mgeni rasmi. Muulize: “Mzee, ulikuwa idara gani?” Aliyekuwa kwenye kusokota nyuzi atakueleza vumbi la pamba, wa boila atakueleza joto, wa stoo atakueleza wizi. Uliza zamu ya usiku ilirudi nyumbani na usafiri gani. Uliza vipuri: mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na fedha za kigeni kuadimika, mashine moja ilivuliwa vyuma ili nyingine izunguke. Wanawake wasikupite. Waliofunga, waliohesabu na waliopika kantini wanajua mambo ambayo mameneja hawakuyaona.

Uliza pia migomo, kwa upole. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipiga marufuku majivuno na uonevu wa viongozi, na wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko wakubwa walivyotaka. Mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber Factory walikitwaa kiwanda. Issa Shivji ameandika juu ya miaka hiyo katika kitabu chake *Class Struggles in Tanzania*. Kisome kabla ya kwenda, maana mzee akiona unajua kidogo huongeza mengi. Maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, inafaa kwa magazeti ya zamani na ripoti za Shirika la Maendeleo la Taifa.

Kuhusu picha: piga barabara, nyumba, vibao. Madaraja, mitambo ya umeme na geti lenye mlinzi, viache mpaka upate ruhusa. Barua fupi kwa uongozi na kujitambulisha serikali ya mtaa hukuepusha na nusu siku ya maelezo.

Ukiwa na Jumamosi moja tu, acha Barabara ya Pugu uende kiwanda cha nguo cha Urafiki. Kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na mwendokasi unakushusha kituo cha jina hilo. Zunguka kwanza kwenye nyumba za wafanyakazi. Ukikuta khanga kuukuu imeanikwa, omba kusoma maandishi madogo ya pembezoni, yanayoweza kutaja kiwanda kilichoichapa. Halafu kaa kijiwe cha kahawa uulize nani anaikumbuka Urafiki Jazz, bendi iliyomilikiwa na kiwanda, na mtindo wake wa Chaka Chua. Nenda na muda wa kutosha, kwa sababu watabishana.