Vidonge vya malaria kwa anayerudi kusalimia

Mtu mzima aliyekulia Muheza huwa na kinga fulani dhidi ya malaria, lakini hakuzaliwa nayo. Imejengeka mwilini kwa kuumwa na mbu na kuugua tangu utotoni, na hudumu maadamu mwili unaendelea kukutana na vimelea. Akihamia nchi isiyo na malaria, kinga hiyo hufifia ndani ya miaka michache. Msomaji aliyeandika kutoka Leicester, anayejiandaa kwenda likizo Muheza na watoto wake wawili waliozaliwa Uingereza, ameambiwa na mama mkwe kwamba vidonge vya kukinga ni vya Wazungu. Maneno hayo yanawafaa waliobaki kijijini. Yeye ameishi ugenini miaka mingi, kwa hiyo kinga yake haitegemeki tena. Watoto hawana kabisa, na barani Afrika wengi wanaouawa na malaria ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wote watatu wanapaswa kumeza dawa. Nchini Uingereza, wengi wanaogundulika na malaria ni watu waliotoka kuwatembelea ndugu zao Afrika, si watalii wa mbugani.

Dawa yenyewe huchaguliwa na daktari au mfamasia anayejua afya ya kila msafiri. Atovakwoni na proguanili, zikiwa zimechanganywa katika kidonge kimoja, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika, humezwa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Kwa familia yenye watoto mara nyingi ndiyo rahisi zaidi; kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Kidonge humezwa pamoja na chakula au maziwa, saa ile ile kila siku, na mtoto akitapika ndani ya saa moja hupewa kingine. Doksisaiklini haifai kwa watoto wadogo wala wajawazito, na huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, lakini aliyewahi kupata sonona au kifafa hapewi. Klorokwini, ile iliyokuwa ikiwasha mwili, Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Dawa ya mseto inayopatikana kila duka la dawa ni ya kutibu, si ya kukinga.

Hakuna kidonge kinachokinga kwa asilimia 100. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, hivyo chandarua chenye dawa bado ni cha lazima, hata kwa wageni waliolazwa sebuleni.

Hatari kubwa iko baada ya safari. Mtoto amerudi shuleni Leicester, anatetemeka, kichwa kinamuuma, na kila mtu anadhani ni mafua ya baridi. Malaria kali inaweza kuua kwa siku moja au mbili. Homa yoyote inayoanza wiki moja au zaidi tangu kufika Muheza, hata miezi kadhaa baada ya kurudi, inataka damu ipimwe siku hiyo hiyo, na mzazi amweleze daktari kwamba mtoto alikuwa Tanzania hata asipoulizwa.