Hifadhi ya Kumbukumbu Nyumbani kwa Mhudumu wa Afya Anayetumia Kompyuta Mpakato Nyepesi

Somo hili linamhusu mhudumu wa afya anayemalizia kazi zake nyumbani, pamoja na mgonjwa ambaye taarifa zake huenda zikafika huko. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kubainisha taarifa zinazostahili kutoka hospitalini, kukadiria ukubwa wa hifadhi inayohitajika, na kuilinda dhidi ya macho ya wengine, unyevu na vumbi.

Kwa nini jambo hili ni la kitabibu

Kata ya Wazo, katika Manispaa ya Kinondoni, iko mbali na hospitali kubwa za katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Mhudumu anayeishi Salasala au Madale na kufanya kazi Upanga hutumia muda mwingi barabarani, hivyo ripoti, mihadhara na uchambuzi wa utafiti humaliziwa nyumbani usiku. Kompyuta mpakato nyepesi inamfaa kwa safari hiyo. Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake: hifadhi ya ndani mara nyingi ni gigabaiti 256 tu, na matundu ya kuchomekea vifaa ni machache. Mhudumu hulazimika kutafuta flashi au diski ya nje, na hapo ndipo kumbukumbu za wagonjwa zinapoanza kusambaa.

Mfano wa kubuni unaonyesha hatari iliyopo. Muuguzi anaweka katika flashi orodha ya wanaohudhuria kliniki ya VVU ili aandike ripoti nyumbani. Kesho yake mwanawe anaichukua flashi hiyohiyo kwenda kuchapisha kazi ya shule dukani. Katika orodha limo jina la jirani anayekaa nyumba ya tatu. Jirani huyo akisikia siri yake imezagaa mtaani, anaweza kuacha kliniki, kisha akaacha dawa. Uzembe wa hifadhi umekwisha kugeuka madhara kwa afya ya mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Ulinzi wake, basi, ni wajibu wa kisheria na wa kitaaluma.

Hatua ya kwanza: kuchuja

Kabla ya kununua diski, mhudumu ajiulize kama taarifa husika inahitaji kutoka hospitalini. Majalada ya wagonjwa hubaki katika mfumo wa hospitali. Kwa ripoti, jumla za idadi zinatosha. Kwa utafiti au ufundishaji, na kwa idhini ya taasisi, majina, namba za simu na namba za jalada huondolewa kwanza na kuwekwa namba za siri. Orodha inayounganisha namba hizo na majina haiendi nyumbani.

Hatua ya pili: kukadiria

Kipande kimoja cha picha ya CT-Scan kwa kawaida kina nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti 2. Jumla ni baiti 524,288, yaani takribani nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 600 utachukua megabaiti 300, na chunguzi 100 za aina hiyo zitachukua gigabaiti 30. Kwa mhadhiri mwenye mkusanyiko kama huo, diski ya terabaiti 1 ina nafasi ya kutosha. Ni afadhali kununua diski mbili za ukubwa huo kuliko moja kubwa, kwa kuwa moja ikiharibika nyingine itabaki.

Hatua ya tatu: kufunga na kunakili

Kila diski ifungwe kwa usimbaji, yaani kuzigeuza data zisisomeke bila nywila. Kompyuta zenye Windows toleo la Pro zina BitLocker, na za Apple zina FileVault. Ufunguo wa dharura uandikwe kwenye karatasi na kufungiwa mbali na diski. Ukipotea pamoja na nywila, data hazipatikani tena.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Nakala hiyo ya tatu ikae katika hifadhi iliyoidhinishwa na mwajiri. Watoto wanaotumia kompyuta hiyo wafunguliwe akaunti yao.

Hatua ya nne: mahali pa kuweka

Diski zikae katika kabati lenye kufuli, juu ya usawa wa sakafu, mbali na ukuta unaovuja wakati wa masika. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, huzuia pia vumbi la barabara zisizo na lami. Diski yenye sahani inayozunguka isisogezwe inapofanya kazi. Ile isiyo na sahani isikae muda mrefu bila kupata umeme, kwani inaweza kupoteza data. Ichomekwe na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwa wapi na nani anaziona. Atunze kadi ya kliniki na majibu ya vipimo katika bahasha isiyopitisha maji, na asitume picha ya majibu kwa simu ya mhudumu isipokuwa wamekubaliana. Picha hiyo inaweza kuishia katika kifaa kinachotumiwa na familia nzima.

Maswali ya kujipima

1. Ni taarifa gani zilizomo katika kompyuta yako leo ambazo hazikupaswa kutoka kituoni?
2. Kompyuta hiyo ikiibwa usiku huu, nani ataweza kuzisoma?
3. Diski yako ikiharibika kesho, nakala nyingine iko wapi?