Haraka ya Nani? Somo Kutoka kwa David Clyde

Makamaradi, wengi wetu hapa chuoni besiboli tunaiona kwenye filamu tu, kwa hiyo tuanze na kanuni mbili. Mrushaji ndiye anayetupa mpira kumwelekea mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Mrushaji naye akitupa mipira minne nje ya eneo lake, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Maana yake nguvu ya mkono peke yake haitoshi, lazima uwe na shabaha, na shabaha inataka muda.

Ndiyo maana Marekani kuna ligi ndogo. Chipukizi anakaa huko miaka kadhaa, anakosea mbele ya watu wachache, anarekebishwa, ndipo anapanda Ligi Kuu.

Kijana wa Houston

David Clyde hakupewa muda huo. Juni 1973, akiwa na miaka 18 na ametoka tu sekondari mjini Houston, alichaguliwa na Texas Rangers akiwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wa nchi nzima. Mwaka wake wa mwisho shuleni alishinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Kipaji kilikuwepo, hilo halina ubishi.

Shida ilikuwa klabuni. Rangers walihamia Texas kutoka Washington mwaka 1972, wakapoteza mechi 100 msimu huohuo. Viti vilikuwa vitupu, na mmiliki, Bob Short, alihitaji hela. Kijana wa nyumbani anayeandikwa kila siku magazetini angejaza uwanja.

Na kweli aliujaza. Tarehe 27 Juni 1973, dhidi ya Minnesota Twins, walikuja watu zaidi ya 35,000, na tiketi zikaisha kwa mara ya kwanza tangu klabu ihamie. Clyde alirusha vipindi vitano, akawakosesha mpira wapigaji wanane, akaruhusu pigo moja tu, na timu ikashinda 4-3. Ila alitoa vituo vya bure saba. Ukizisoma takwimu hizo kama mwanafunzi na siyo kama shabiki, jibu unaliona: mkono tayari, shabaha bado.

Mlangoni na uwanjani

Mpango wa mwanzo ulikuwa acheze mechi mbili, kisha aende ligi ndogo akajifunze. Lakini getini hela zilikuwa zinaingia, akabakizwa. Msimu huo alishinda mechi 4, akapoteza 8. Kocha Whitey Herzog alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Mwaka 1974 Clyde alishinda 3, akapoteza 9. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa bega. Alirudi Ligi Kuu na Cleveland mwaka 1978, na mwaka 1979, akiwa na miaka 24, akacheza mechi yake ya mwisho katika ligi hiyo. Jumla: ushindi 18, kupoteza 33. Tena alikosa wiki chache tu kutimiza miaka minne ya utumishi iliyotakiwa wakati ule ili kupata pensheni.

Mtu atauliza, mbona Dave Winfield, aliyechaguliwa mwaka uleule, naye aliruka ligi ndogo na akawa gwiji? Swali zuri. Winfield alikuwa na miaka 21 na alikuwa ameshacheza miaka kadhaa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mafunzo aliyapata, ila kwa njia nyingine. Kwa hiyo tusikurupuke kusema kila anayewahi anaharibika. Tuangalie nani aliamua, na aliamua kwa faida ya nani.

Tunasema haraka haraka haina baraka. Methali haituambii haraka ni ya nani. Kwa Clyde, klabu ndiyo iliyokuwa na haraka, ila bega lilikuwa la kijana.

Ya kujadili vyumbani

1. Uko mwaka wa pili, mtu anakuita uache masomo uingie kazini kesho. Anakuhitaji wewe, au anahitaji jina lako kwa msimu mmoja?
2. Mambo yakiharibika, nani atalipa, yeye au wewe?
3. Je, kijana wa miaka 18 aliyeshangiliwa na watu 35,000 angeweza kweli kusema "bado sijaiva"? Kama hapana, nani alipaswa kumsemea?