Kupima Kisichoonekana kwa Nuru Iliyopinda

Jua, ewe msomaji, ya kuwa nuru hufuata njia iliyonyoka; lakini ipitapo karibu na kitu kizito mno, njia yake hupinda. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana tarehe 29 Mei 1919, mwishoni mwa Shaabani 1337, jua lilipopatwa. Kivuli chake kilivuka Afrika, kikapita juu ya ziwa Tanganyika. Na huko Nyabiyonza katika Karagwe, kaskazini ya njia hiyo, jua lilifunikwa sehemu tu. Arthur Eddington wa Uingereza alikuwa kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika, na wenziwe walikuwa Sobral, nchi ya Brazili. Walizipiga picha nyota zilizo karibu na jua, upande wa Thauri iliyo na Kilimia, zikaonekana zimesogea kama alivyotangulia kuhesabu Albert Einstein. Kiasi chenyewe ni kidogo: ukingoni mwa jua hakifiki sekunde 2, na daraja moja ya duara ina sekunde 3,600.

Basi kadiri nuru ipindavyo ndivyo uzito ujulikanavyo. Galaksi ni jamii ya nyota mabilioni, na galaksi nazo hukaa kwa mafungu, mamia na maelfu pamoja. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alitazama fungu la Coma, akaona galaksi zake zaenda mbio kuliko ziwezavyo kuzuiliwa na uzito wa nyota zionekanazo. Kisha katika miaka ya 1980, katika fungu la Abell 370, ulionekana upinde mrefu wa nuru. Ukathibiti kuwa ni sura ya galaksi iliyo mbali nyuma ya fungu hilo, imevutwa na kurefushwa kama kwa kioo cha miwani.

Mtu akiuliza: Yajulikanaje kuwa hesabu haikukosea? Atajibiwa: Mashahidi ni wawili, mwendo wa galaksi na kupinda kwa nuru, wala mmoja hakumtegemea mwenziwe. Wote washuhudia kuwa kisichoonekana chazidi kionekanacho mara nyingi. Na katika ulimwengu mzima chakadiriwa kuwa kama mara 5. Tena nuru itokayo mbali ni ya zamani. Basi kwa kuyahesabu mafungu ya mbali na ya karibu na kuyapima uzito, hujulikana ulimwengu ulivyokuwa ukitanuka zama baada ya zama.

Ama dhati ya kitu hicho haijajulikana hata leo, wallahu aalam. Mwenye akili hakani kitu kwa sababu jicho halikioni, wala hakithibitishi pasipo ushahidi.