Ukaguzi wa Jembe la Kufuliwa

Mkulima wa viazi wa Kilolo, mkoani Iringa, huujua ubaya wa jembe ligongapo jiwe: laini mno hupinda, gumu mno hukatika. Mkaguzi wa ubora katika kiwanda, kama vile ZZK ya Mbeya na UFI ya Ubungo zilivyofua majembe katika karne ya 20, hana budi kuujua mapema.

Chuma cha pua kikipashwa moto kupita nyuzi za Sentigredi 727, mpangilio wa atomu zake huanza kubadilika na kaboni huenea ndani yake. Kikizamishwa majini ghafla, kaboni hunaswa humo; chuma huwa kigumu, lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hupashwa tena moto wa kiasi: ugumu hupungua kidogo, ustahimilivu huongezeka.

Johan August Brinell wa Uswidi alitangaza kipimo chake mwaka 1900: tufe gumu la kipenyo cha milimita 10 hukandamizwa juu ya chuma kwa mzigo wa kilo 3,000, kisha kovu hupimwa. Kovu pana, chuma laini. Kwa bapa jembamba mzigo hupunguzwa.

Lakini kovu halifichui ufa. Hapo mkaguzi huazima ujuzi wa wahunzi: hulining'iniza jembe na kuligonga. Zima hulia kwa muda; lenye ufa hutoa sauti butu. (Shuleni, tupa yatosha: huteleza juu ya ukingo mgumu, hula ulio laini.)

Huyapima machache tu katika kila fungu. Yakishindwa, yampasa kulizuia fungu zima, hata kama malori yanangoja mlangoni. Na hilo, nionavyo, ni gumu kuliko vipimo vyote.