MKULIMA WA UFIPA CHINI YA WAJERUMANI: SOMO LA HISTORIA

Somo hili lisiishie kwenye majina ya magavana. Mtoto wa Chala ajue pia jinsi wazee wake walivyoishi.

Lengo: Mwanafunzi aeleze jinsi kodi ilivyogeuza kazi ya mkulima.

Zana: Jembe, ziara ya kuona mabaki ya tanuri la chuma.

Hatua:

1. Uliza: jembe hutoka wapi? Eleza kuwa Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, wakafua majembe. Nguo za pamba walifuma wenyewe.

2. Eleza sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897: vijijini rupia 3 kwa nyumba. Boma la wilaya lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga.

3. Uliza: mwenye jembe, ulezi na nguo, lakini asiye na rupia, atafanyaje? Wajadiliane kwanza, kisha eleza uuzaji wa mazao na kazi ya ujira mbali na nyumbani.

Tahadhari: Usifundishe kwamba hapo kale hapakuwa na tozo. Watawala wa Nkansi na Lyangalile waliwatoza watu wao. Jambo jipya lilikuwa kudaiwa kitu ambacho mkulima hakuweza kukilima wala kukifua.