Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Chukua ramani ya Tanzania ambayo sentimeta 1 huonyesha kilometa 100. Tafuta Mtwara, kusini kabisa karibu na Bahari ya Hindi. Kisha tafuta Bukoba, kaskazini-magharibi, kando ya Ziwa Viktoria. Kila mji una kiwanja kidogo cha ndege. Pima kwa rula toka Mtwara hadi Bukoba. Utapata kama sentimeta 13 na milimeta 6, yaani kilometa 1,360.

Usishangae dereva wa lori akikutajia umbali mkubwa kuliko huo. Barabara hupinda na kuzunguka. Akipitia Dar es Salaam na Dodoma, safari yake hukaribia kilometa 2,000. Ndege huweza kufuata mstari ulionyooka.

Tuseme ndege ndogo yenye pangaboi moja huenda kilometa 340 kwa saa. Ili kupata muda wa safari, gawanya umbali kwa mwendo:

1,360 ÷ 340 = saa 4.

(Muda wa kupaa na kutua tumeuacha kwa sasa.)

Lakini hesabu hiyo ni ya siku isiyo na upepo, na siku kama hiyo ni nadra huko juu. Ndege iliyo angani haikanyagi ardhi kama gari. Imebebwa na hewa. Hewa ikienda, ndege huenda nayo, kama mtumbwi unavyochukuliwa na maji ya mto hata wakati mwenyewe anapiga kasia.

Mwezi Julai huvuma kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Tazama tena ramani yako: upepo huo hutoka upande wa Mtwara kuelekea upande wa Bukoba. Tuseme mwendo wake ni kilometa 40 kwa saa. Ndege iendayo Bukoba husukumwa kutoka nyuma, na mwendo wake juu ya ardhi huwa 340 + 40 = 380. Itafika kwa saa 3 na dakika 35. Wakati wa kurudi huukabili upepo: 340 − 40 = 300. Sasa safari ni saa 4 na dakika 32.

Huenda ulidhani kwamba dakika zilizookolewa wakati wa kwenda zitakuwa sawa na zile zitakazopotea wakati wa kurudi. Sivyo. Zimeokolewa dakika 25, zimepotea 32. Ndege inayokabili upepo huenda polepole, na kwa hiyo hukaa ndani ya upepo huo kwa muda mrefu zaidi.

Fikiri basi juu ya mafuta. Gari likiishiwa husimama kando ya barabara, na utingo akatumwa na dumu. Ndege haina pa kusimama. Kama rubani angejaza mafuta ya saa 4 tu kwa safari ya kurudi, yangekwisha baada ya kilometa 1,200. Pima katika ramani: angekuwa juu ya vichaka vya Mkoa wa Lindi, na kilometa 160 bado zimesalia kufika Mtwara. Ndiyo maana rubani huuliza habari za upepo kabla ya kuondoka, tena huchukua mafuta ya akiba kupita yale ya hesabu.

Zoezi

1. Toka Kigoma hadi Tanga ni karibu kilometa 1,040 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya mwendo wa kilometa 300 kwa saa inakwenda Tanga, nao upepo wa kilometa 40 kwa saa unatoka mashariki. Itachukua saa ngapi?

2. Ikirudi Kigoma katika upepo uleule, itachukua muda gani?